Sauti Zinapoanza Kumwita Kijana Usiku

Ugonjwa huu wa akili mara nyingi hauanzi kwa kelele. Unaanza kwa kijana kuacha kula pamoja na wenzake. Anahamishia godoro kwenye chumba cha nyuma, anaziba dirisha kwa gunia, anatoa laini kwenye simu kwa kuwa kuna watu wanaomsikiliza. Shuleni alikuwa wa nne, sasa yuko mkiani. Nyumbani wanasema amepata kiburi, au ameanza bangi, au ni ujana tu, utapita. Miezi inakwenda. Usiku mmoja anatoka nje akiwafokea watu ambao hakuna mwingine anayewaona, na asubuhi mtaa mzima unasema amerukwa na akili jana.

Jana ndiyo siku aliyosikika. Kuugua alikuwa anaugua tangu zamani, na muda huo uliopita bila tiba una gharama yake: tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kadiri mgonjwa anavyokaa muda mrefu kabla ya kupata dawa ya kwanza, ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Kijana huyu si mtu fulani. Nimemuunda kutokana na mambo ambayo wauguzi huyaona na vitabu vya tiba huyaeleza. Mweke Fort Ternan, pale Kericho inapoteremka kutoka kwenye mashamba ya chai kuelekea miwa ya Koru na Muhoroni, kando ya reli ya zamani ya kwenda Kisumu. Nimemweka hapo kwa makusudi. Juu, Kericho mjini, jioni ni baridi na mvua ya mawe. Chini huku kuna joto na mbu. Na mtu anayeanza kuropoka katika nchi ya mbu hastahili kuitwa kichaa kabla damu yake haijapimwa.

Madaktari wanaiita hali hiyo saikosisi. Mtu anapoteza mpaka kati ya yaliyo kichwani mwake na yaliyo nje. Anasikia, anaona au anahisi visivyokuwapo, yaani maruweruwe. Anashika imani ambayo hakuna ushahidi unaoweza kuitikisa: kwamba jirani anamwekea sumu kwenye maziwa ya mursik, kwamba mtangazaji wa redio anamsema yeye. Maneno yake yanakatika, yanaruka kutoka jambo hadi jambo, mpaka msikilizaji anapotea njia. Lakini saikosisi ni kama homa. Homa inakuambia kuna jambo mwilini. Haikuambii ni jambo gani.

Linaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Linaweza kuwa kifafa, Ukimwi uliofika kwenye ubongo, tezi la shingo lililovurugika, au sukari iliyoshuka. Mlevi wa chang'aa aliyeacha ghafla huanza kutetemeka, na siku ya pili au ya tatu anaona wadudu wakipanda ukutani. Huyo anaweza kufa akikosa matibabu, na kumfungia ndani ili "imtoke" ni kumuua. Mama aliyejifungua wiki iliyopita, halali, anasema mtoto si wake: hiyo ni saikosisi ya uzazi, huwapata wazazi mmoja au wawili katika kila 1,000, na ni dharura sawa na kutokwa damu. Hata dawa yaweza kuleta. Efavirenz, iliyotumiwa kwa miaka mingi katika vidonge vya ARV kabla ya dolutegravir kuchukua nafasi yake, ilijulikana kwa ndoto za kutisha, na kwa wachache kwa kuvuruga akili kabisa.

Muuguzi mzoefu huanza kutenganisha mambo haya kwa kuuliza, hata kabla ya maabara kujibu. Ilianza lini? Akiambiwa juzi, na mgonjwa ana joto, anasinzia na kuzinduka, hajui yuko wapi wala ni saa ngapi, anaona zaidi ya anavyosikia, basi ubongo unashambuliwa na kitu mwilini na kitu hicho lazima kitafutwe upesi. Akiambiwa ni tangu mwaka jana, na mgonjwa anajua jina lake, siku na mahali alipo, lakini anaeleza kwa utulivu kwamba mawazo yake yanasomwa na watu walio barabarani, hapo ndipo skizofrenia inaingia mezani.

Jina hilo limeleta matatizo yake. Daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, alilitumia mwaka 1908 akiunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kupasuka na jingine la akili. Tangu hapo watu wakadhani ni mtu mwenye nafsi mbili, moja njema na nyingine ovu, kama kwenye sinema. Sivyo. Bleuler alikuwa anasema juu ya kuachana kwa mambo ambayo kwa kawaida huenda pamoja: wazo na hisia, nia na tendo. Mgonjwa anasimulia kifo cha babake huku anatabasamu. Si kwamba anafurahi.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huu unampata mtu mmoja katika kila 300 hivi, kama watu milioni 24 ulimwenguni. Wanaume huanza mapema, mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa miaka ya ishirini. Wanawake huchelewa miaka michache. Lakini kusikia sauti mara moja si sawa na kuwa na skizofrenia. Utafiti wa Rachel Jenkins na wenzake, uliofanywa kwenye nyumba za mashambani huko Nyanza, jirani kabisa na Fort Ternan, ulikuta asilimia 8 ya watu wazima wakiwa na dalili moja ya aina ya saikosisi, na asilimia 0.6 tu wakiwa na mbili. Kwa maneno mengine, katika mkutano wa chama cha ushirika wenye watu mia, huenda wanane wamewahi kupitia jambo la namna hiyo, na karibu wote wanaendelea na kilimo chao.

Sauti za skizofrenia zina tabia zake. Mara nyingi ni mbili au zaidi, zinamjadili mgonjwa kana kwamba hayupo: "Mwone anavyoamka. Sasa anavaa viatu." Nyingine zinaamuru. Dalili hizi za kelele ndizo zinazomfikisha mtu hospitalini, na ndizo dawa inazozituliza vizuri zaidi. Zipo nyingine zisizopiga kelele: uso usioonyesha hisia, maneno machache, kutooga, kukaa saa nne ukitazama mbuzi bila kuwaona. Madaktari huziita dalili za upungufu. Familia huziita uvivu, na kwa maoni yangu hakuna neno linaloumiza wagonjwa wengi zaidi ya hilo. Kijana anaambiwa "sauti zimeisha, sasa simama ukachume chai kama wenzako," wakati ile sehemu ya ubongo inayomfanya mtu atake kusimama ndiyo iliyougua.

Kinachotokea ndani ya ubongo kinajulikana kwa sehemu. Ubongo una kemikali iitwayo dopamini, na kazi yake mojawapo ni kutia alama kwenye mambo: hili lina maana, litazame, lile lipuuze. Lori la kiwanda cha chai likipiga honi kwenye kona, wewe unasikia honi. Dopamini ikimwagika pasipo mpangilio, honi hiyo inapata uzito; inakuwa ujumbe, na ujumbe lazima uwe na mtumaji. Baada ya siku nyingi za honi, vikohozi na namba za magari zenye maana, akili inatunga hadithi ya kuviunganisha vyote, na hadithi hiyo ndiyo tunayoiita imani potofu. Ndiyo sababu kubishana nayo hakufui dafu. Unapinga hadithi, mgonjwa bado anausikia uzito.

Urithi una mkono wake. Mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa takriban mmoja katika kumi. Kati ya mapacha waliofanana kabisa, mmoja akiugua, mwenzake huugua karibu nusu ya nyakati, jambo ambalo pia linasema kwamba nusu nyingine hutegemea mengine: shida wakati wa ujauzito na kuzaliwa, mateso ya utotoni, bangi kali inayovutwa tangu umri mdogo.

Niruhusu nichepuke kidogo. Fort Ternan inajulikana na wanasayansi kwa sababu nyingine kabisa: mwaka 1961 Louis Leakey alichimbua hapo, katika shamba la Fred Wicker, vipande vya taya za kiumbe mfano wa sokwe aliyeishi miaka takriban milioni 14 iliyopita, akaitwa Kenyapithecus wickeri. Miaka ya 1990 daktari wa akili wa Oxford, Tim Crow, alipendekeza kwamba skizofrenia ni gharama ambayo binadamu hulipa kwa kuwa na lugha. Nadharia hiyo haikuthibitishwa, na wengi wanaipinga. Hata hivyo inanifurahisha kufikiri kwamba, ikiwa Crow alikuwa sahihi, yule wa shamba la Wicker hangeweza kuugua hivi hata angetaka. Hakuwa na maneno ya kuyasikia yakimwita.

Turudi kwa kijana. Kabla ya zahanati, familia kwa kawaida imekwisha kupita milango mingine. Wapo wanaosema hata jina la Kericho linatokana na neno la Kikalenjin la dawa, kerichek, na kumwendea mtaalamu wa miti shamba au mhubiri si jambo la kuchekwa. Wote hao humpa mgonjwa kitu ambacho kliniki yenye foleni hushindwa kumpa: muda. Huko Makueni, watafiti wakiongozwa na Profesa David Ndetei na Dkt. Victoria Mutiso waliwakalisha waganga wa jadi, viongozi wa dini na wahudumu wa afya pamoja, ili wajifunze kutambua magonjwa ya akili na kupelekeana wagonjwa. Naona hiyo ndiyo njia. Ubaya unaingia mahali pengine: maombi yanapogeuka kuwa kufunga siku nyingi bila chakula, na ulinzi unapogeuka kuwa mnyororo. Ripoti ya Human Rights Watch ya Oktoba 2020 ilikuta watu wenye matatizo ya akili wakifungwa minyororo au kufungiwa katika nchi 60 hivi, Kenya ikiwemo. Mara nyingi aliyefunga alikuwa mzazi anayempenda mwanawe na aliyeishiwa na mbinu.

Kwa hiyo mbinu ndizo nitakazokaa nazo.

Mgonjwa analetwa akiwa kwenye bodaboda katikati ya wajomba wawili, mikono imefungwa kwa kamba ya ng'ombe. Muuguzi mzuri hawafokei wajomba. Anawaomba wakae kando, anajitambulisha kwa jina, anasimama mahali mgonjwa anapomwona, upande wa mbele, mbali kidogo, na mlango ukiwa wazi kwa wote wawili. Sauti ni ya chini. Sentensi ni fupi. Hamgusi bila kumwambia. Hanong'onezani na mwenzake, wala hacheki na mtu pembeni, kwa sababu mgonjwa huyu tayari anaamini watu wanamsema.

Kisha kijana anasema, "Wameweka kamera kwenye mti wa mparachichi."

Kuna majibu mawili yanayokuja haraka, na yote ni mabaya. La kwanza: "Hakuna kamera, acha upuzi." Mgonjwa anajifunza kwamba hapa pia hapafai kusema. La pili: "Ndiyo, nitatuma mtu aitoe." Hilo linamtuliza kwa saa moja na kumwongezea ushahidi wa maisha. Muuguzi aliyefunzwa anasema, "Mimi siioni hiyo kamera. Lakini naona umeogopa, na macho yanasema hujalala. Tangu jana umekula nini?" Hajakubali, hajabisha. Amegusa kile ambacho ni kweli kwao wote wawili, yaani woga na njaa, na kutoka hapo wanaweza kuzungumza.

Swali moja halirukwi: sauti zinakuambia ufanye nini? Wengi wanaogopa kuuliza, wakidhani watampa mawazo. Hawampi. Takriban mtu mmoja katika 20 wenye skizofrenia hufa kwa kujiua, na hatari ni kubwa katika miaka ya mwanzo, pengine hasa pale akili inapotulia na mtu kuanza kuona alichopoteza. Akisema sauti zinamwamuru ajidhuru, anabaki na mtu wa kumwangalia, na familia inapewa kazi kabla haijaondoka: panga na visu vya kupogolea chai vifungiwe, dawa ya kupe na ya kunyunyizia mimea iondolewe nyumbani. Kidokezo hiki ni cha kijijini na hakionekani sana vitabuni, lakini katika nyumba za wakulima sumu huwa iko rafu moja na chumvi.

Dawa za ugonjwa huu zilianza Paris mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne, Jean Delay na Pierre Deniker walipowapa wagonjwa klopromazini, ambayo wengi huku wanaijua kama Largactil. Haloperidol ilifuata mwaka 1958. Zote mbili bado ziko kwenye makabati ya zahanati zetu, pamoja na mpya kidogo kama risperidone na olanzapine. Zinazuia dopamini. Usingizi na utulivu huja ndani ya siku chache, lakini sauti hupungua kwa wiki, nne hadi sita. Familia isipoambiwa hivyo, wiki ya pili inasema dawa haifanyi kazi.

Na hapa ndipo wengi hupotea. Siku ya pili baada ya haloperidol, shingo ya kijana inapinda upande mmoja, macho yanageukia juu yakabaki huko, ulimi unakuwa mzito. Kwa yeyote ambaye hajaonywa, hilo ni pepo lenyewe limejitokeza waziwazi. Mama anatupa vidonge chooni na kumrudisha mtoto kwenye maombi. Ukweli ni kwamba misuli imekakamaa kutokana na dawa, jambo linalowapata zaidi vijana wa kiume, na sindano ya promethazine au dawa ya aina ya Artane huifungua kwa dakika chache. Maneno mawili ya onyo siku ya kwanza, "ikitokea hivi, rudini hata usiku," yangeokoa miezi.

Athari nyingine ni ya kijanja zaidi. Mgonjwa hawezi kutulia: anatembea uani, anakaa, anasimama, anakanyagakanyaga. Watu wanasema wazimu umerudi, dozi inaongezwa, na hali inakuwa mbaya zaidi kwa sababu ni dozi hiyohiyo iliyoleta. Muulize tu, "Ni mawazo yanayokusumbua, au ni miguu?" Atakuambia. Lakini joto kali la mwili pamoja na misuli migumu kama ubao na kuchanganyikiwa ni dharura. Dawa husimamishwa na mgonjwa hupelekwa hospitali kubwa siku hiyohiyo.

Kuna jingine linalowahusu wachuma chai moja kwa moja. Klopromazini huifanya ngozi iungue na jua upesi, na humfanya mtu apate kizunguzungu anaposimama ghafla. Mtu anayeinama juu ya michai kuanzia saa moja asubuhi, kikapu mgongoni, ana haki ya kuelezwa hayo kabla ya kupewa karatasi ya dawa.

Baada ya sauti kunyamaza, dawa huendelea, angalau mwaka mzima baada ya nafuu, na kwa wengi zaidi ya hapo. Kwa anayesahau vidonge kuna sindano ya fluphenazine ambayo hudumu takriban mwezi. Mara moja kwa mwezi pia ni nafasi ya kumpima uzito, presha na sukari. Watu wenye ugonjwa huu hufa mapema, na wengi wao hawauawi na akili bali na moyo na magonjwa mengine ambayo hakuna aliyejali kuyapima.

Sehemu kubwa ya uuguzi, hata hivyo, hufanywa na watu wasiovaa sare. Miaka ya 1950 mwanasosholojia George Brown aliona jambo la ajabu huko London: wagonjwa waliorudi kwa familia walirudi hospitalini zaidi kuliko baadhi ya waliokwenda kupanga chumba peke yao. Yeye na wenzake walipopima namna jamaa walivyozungumza juu ya mgonjwa, walichapisha mwaka 1972 kwamba katika nyumba zenye lawama nyingi, au zenye kumwingilia mgonjwa kupita kiasi, zaidi ya nusu waliugua tena ndani ya miezi tisa. Katika nyumba tulivu ilikuwa takriban mmoja katika sita.

Miaka ya 1990 Mmarekani Juli McGruder alifuatilia familia za wagonjwa Zanzibar, akakuta kitu kinachopaswa kutufanya tufikiri kabla ya kudharau imani za wazee. Katika baadhi ya nyumba, wazo kwamba mashetani wamemwingia mtu lilimwondolea lawama. Halikuwa kosa lake, wala halikuwa yeye mzima. Akipata siku nzuri, alikuwa tu mwenyewe tena, anapewa kazi yake na sahani yake, bila hotuba. Kama ugonjwa ni mtihani wa Mungu, hakuna haja ya kumfokea anayeufanya. Sayansi inasema dopamini, bibi anasema shetani, na kwa upande wa kumpigia mtu kelele jikoni wote wawili wanakataza.

Kwa miongo mingi jibu la serikali lilikuwa moja: Mathari, hospitali iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910, zaidi ya kilomita 200 kutoka Fort Ternan. Kumtuma kijana huko ni kumtenga na watu ambao ndio nusu ya tiba. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa, na mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ilirekebishwa, ikitambua haki ya mgonjwa kushirikishwa katika tiba yake na kuzipa kaunti wajibu wa huduma hizo. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii 100,000 walipewa vifaa nchi nzima. Hao ndio wanaopita nyumba kwa nyumba, wanaoweza kuona dirisha lililozibwa kwa gunia kabla ya ule usiku wa kelele. Lakini kama zahanati ya karibu haina haloperidol wiki hiyo, au haina Artane ya kuisindikiza, mhudumu huyo atakuwa amegundua ugonjwa na kumpa mama nauli ya kufikiria.

Mwezi wa tatu, kijana wetu anakuja na mamake kuchomwa sindano. Amenenepa kidogo. Sauti moja imebaki, anasema, ila iko mbali na haimwiti kwa jina.

"Daktari," mama anauliza, kwani huku muuguzi naye ni daktari, "anaweza kurudi kuchuma?"

"Wewe mwenyewe unaonaje?" muuguzi anamwuliza kijana.

Kijana anafikiri kwa muda mrefu, na safari hii hakuna anayemjibia. "Nusu siku," anasema.

"Nusu siku ni sawa. Kofia pana, mikono mirefu. Ukiinuka, inuka polepole." Anaandika tarehe ya mwezi ujao kwenye kadi, kisha anaigeuza na kuiandika tena upande wa pili, kubwa zaidi, kwa ajili ya mama.